Dirisha Linalofungwa kwa Nje

—Mke wangu, hebu niambie ukweli. Hili dirisha nalo ulilishona wewe?

Mvua ilikuwa imeshuka ghafla, mchana kweupe, na matone yalikuwa yanaingia moja kwa moja kwenye mashuka meupe. Mume wa Fundi alikuwa amepiga magoti juu ya kitanda, akipapasa turubai la hema kutafuta zipu.

—Ni mimi —Fundi alijibu.

—Na zipu iko wapi?

—Iko nje. Kifuniko nilikigeuza.

—Kwa hiyo mtu akitaka kulifunga, atoke akanyeshewe?

—Ndiyo hivyo, Bwana Mpimaji.

Mahema yote manane ya kambi ile ya msituni yalitoka kwenye cherehani yake. Mwenye kambi alipoyaona yamesimama chini ya miti mirefu, yana vitanda vya mbao, mazulia na ubaraza wa kukalia, alifurahi mno akampa zawadi: yeye na mumewe waje wapumzike, Ijumaa mpaka Jumapili. Lakini hili la nane alilishona wiki ile mumewe alipoondoka kwenda kupima barabara mpya, siku kumi tu baada ya harusi. Alishona macho yamejaa machozi, asijue ndani ni wapi na nje ni wapi.

Sasa ulikuwa mwaka na nusu. Mume alikuwa amerudi mara mbili, siku tatu tatu. Ndoa yao iliishi kwenye simu. Kila jioni Fundi aliiweka simu kando ya cherehani, sauti juu, yeye anashona, mume anasimulia. Hivyo ndivyo walivyozoea kucheka, na hata kununiana.

Leo wako pamoja, ana kwa ana, na midomo imekuwa mizito kama ya watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Asubuhi, wakati wa chai, mama mhudumu aliwatazama akashindwa kuvumilia.

—Wanangu, mmekuja fungate au mmekuja msibani?

—Tunapumzika, mama.

—Hata marehemu anapumzika.

Walicheka kidogo, kisha wakarudi kukoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

Kilichokuwa kinamsumbua Fundi ni ujumbe. Kambini hakukuwa na mtandao, lakini jana, pale kilimani, mtandao ulipokuwa unawaaga, alikuwa ameshika simu ya mumewe ampige picha. Ujumbe ukatokea kwenye kioo ukamfunika uso. Ulitoka kwa msimamizi wake wa kazi: "Nasubiri jibu Jumatatu. Mkataba ni miaka mitatu mingine. Mkeo amesemaje?"

Mkewe hakuwa amesema neno. Hakuwa ameulizwa.

—Ngoja nikalifunge —mume alisema, akaruka kutoka kitandani, akatoka pekupeku.

Punde uso wake ukatokea dirishani, upande wa pili wa turubai.

—Fundi, unanisikia?

—Nakusikia.

—Zipu imekwama.

—Usiivute kwa nguvu. Irudishe nyuma kidogo, kisha ipandishe taratibu.

Zipu ikapanda. Uso ukapotea, ikabaki sauti tu, ile ile aliyoishi nayo mwaka na nusu. Fundi alihisi kifua kikifunguka.

—Nimefunga. Naja.

—Usije kwanza.

—Nalowa, mke wangu!

—Najua. Vumilia. Msimamizi wako ameuliza nimesemaje.

Mvua ilipiga turubai.

—Umeuona.

—Jana, kilimani. Sikupekua simu yako. Ulijileta wenyewe.

—Nilitaka kukuambia. Nikikutazama tu, maneno yananikimbia.

—Utasaini?

—Wewe unasemaje?

—Mimi? Fanya unavyoona, mimi niko...

—Usiniambie uko sawa! Sindano ilipokutoboa kidole, nani aliniambia? Dada yako. Ulipolala na homa siku nne, nani aliniambia? Dada yako. Nikikuuliza wewe, uko sawa. Nikajisemea, huyu ameshazoea. Nikirudi nitamvurugia utaratibu wake.

—Nani kakwambia nimezoea?

—Wewe. Kila jioni.

Fundi aliketi kwenye shuka lililolowa. Alipoanza kusema, alisema polepole, kama anayefumua mshono asichane kitambaa.

—Kila jioni ukikata simu, naendelea kukanyaga cherehani. Haina uzi, haina kitambaa. Nakanyaga tu, ili nyumba isinyamaze.

Aliligeukia dirisha lililofungwa.

—Upo?

—Nipo. Kwa nini hukusema?

—Mama alinifunda: mume anayetafuta riziki havutwi shati. Nikashika. Nimeshika mpaka mkono umekufa ganzi.

—Basi nivute shati.

—Limelowa.

—Livute hivyo hivyo.

—Rudi nyumbani —Fundi alisema, na machozi yakaja. —Usisaini. Nimechoka kuolewa na simu.

Kabla mume hajajibu, mwavuli ulipita nyuma ya hema.

—Baba, umefukuzwa? —ilikuwa sauti ya mama mhudumu.

—Hapana, mama. Naongea na mke wangu.

—Mlango uko upande ule!

—Naujua, mama. Nitaufikia.

Alipoingia, maji yalimchuruzika mpaka kwenye zulia. Hakukaa.

—Sema tena. Sasa hivi, ukinitazama.

—Umeshasikia.

—Nimesikia. Sijaona.

Fundi alimtazama akacheka. Akajaribu tena, akaficha uso kwa taulo. Mume hakumsaidia. Alisimama tu, anatetemeka kwa baridi. Mara ya tatu Fundi aliweka taulo chini.

—Rudi nyumbani.

—Nitarudi.

—Na kazi?

—Nitapima viwanja vya mjini. Vile vya majirani wanaogombania mipaka.

—Watakupiga!

—Wakinipiga, nitakuwa karibu. Utanikanda.

Jumapili walipanda kilimani na mabegi yao. Mtandao uliporudi, mume aliandika: "Mke wangu amesema hapana. Namaliza mwezi huu, narudi kwangu." Akampa Fundi simu autume mwenyewe. Fundi alibonyeza. Je, msimamizi akikasirika?

Jibu halikuchelewa: "Mshukuru sana mkeo kwa niaba yangu. Wangu hakusema kitu miaka sita. Siku niliporudi, nilibisha hodi kwenye nyumba yangu kama mgeni."

Mume alilisoma mara mbili. Alichukua mabegi yote mawili kwa mkono mmoja ili mwingine ubaki wazi, na Fundi akaushika. Walishuka upande wa pili kuelekea barabarani, njia ikiteleza kwa tope, na Fundi alikuwa anaongea bila kituo: mteja asiyejua kipimo cha kiuno chake, paka wa jirani, dada na uchumba wake. Aliongea shingo imegeuka, macho usoni kwa mumewe.

—Angalia unapokanyaga, utaanguka.

—Angalia wewe. Mimi nina cha kuangalia.