Spika ya Sebuleni Kilema

Walikutana dukani, karibu na mnara wa saa mjini Moshi, Jumamosi ambayo watu walikuwa wanakanyagana. Hellen alishika boksi la spika upande huu, kijana mmoja akalishika upande ule, na ilikuwa imebaki hiyo tu.

"Dada, niachie. Nimeshuka mlimani na watalii, mwili wote unauma. Nahitaji muziki."

"Mimi nashinda duka la dawa nasikiliza watu wakikohoa. Nani amechoka zaidi?"

Kijana alicheka. Buti zake zilikuwa na vumbi la mlima, na macho yake hayakutoka kwenye gauni la njano la Hellen. "Haya, chukua. Ila nije nikuunganishie mwenyewe. Wi-Fi za mji huu nazijua, zina visirani."

Akaja kweli, akaiunganisha kwa akaunti yake ya muziki, kisha akawa haishi kuja. Aliitwa Aristides. Hellen alimpenda hadi majirani wakajua.

Ikapangwa siku ya wazee wa Aristides kushuka na mbege, pombe ya ndizi, kuja kumposa. Mama yake Hellen alipika mtori tangu asubuhi, Hellen akavaa kitenge kipya, wakakaa kusubiri. Hakuja mtu. Simu ya Aristides haikupatikana. Jioni Hellen alivua kitenge, akaizuia namba yake, na waliomletea salamu baadaye hakuwasikiliza. Kichwa kigumu alikuwa nacho, tuseme ukweli.

Namba aliizuia, lakini muziki wake aliendelea kuusikiliza. Akitoka kazini alipasha chakula cha mtu mmoja, akawasha spika, angalau nyumba iwe na sauti ya mtu. Hata hiyo ikaanza kumsaliti. Kila jioni, katikati ya wimbo, kimya. Alizima ruta na kuiwasha. Aliitoa nyuma ya friji, akaipandisha juu ya kabati, akaitukana. Bado kimya, na kimya kile kilimuuma kuliko alivyotaka kukubali.

Akampigia fundi wa mtandao, Praygod.

"Mtandao wako mzima, dada. Hiyo akaunti mnatumia wawili. Mwenzako akicheza wimbo, wewe unakatwa. Hebu fungua palipoandikwa vifaa."

Hellen akafungua. Chini ya spika yake palikuwa na nyingine: *Sebuleni Kilema*.

"Dada? Upo?"

"Nipo, kaka. Asante."

Kilema ni kwao Aristides. Kumbe jioni zote hizi amekaa huko juu akisikiliza nyimbo zao! Hellen alilia kwa sauti, hapo hapo sakafuni. Kupiga simu aliona aibu, baada ya kumzuia bila kumsikiliza. Jumapili alikata jani la isale kwenye uzio wa mama yake, jani ambalo Mchagga akiletewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe, akapanda gari hadi Himo, kisha pikipiki hadi Kilema.

Sebuleni alimkuta mzee peke yake, magongo yameegemezwa ukutani, spika inaimba kwaya mezani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. U binti wa nani?"

"Naitwa Hellen. Natoka Moshi mjini."

Mzee alimkazia macho. "Kumbe ndiye wewe unayenikatia kwaya zangu!"

Hellen akaitazama spika. Msikilizaji alikuwa huyu, si Aristides.

"Kaa, mwanangu. Siku ile ya mbege nilianguka migombani, nikavunjika nyonga. Aristides alinibeba mgongoni hadi kwenye gari, simu yake ikapotelea kwenye majani. Alipoirudisha namba yake kwenye simu nyingine akakutafuta, ukawa hupatikani; akatuma watu, hukuwasikiliza, na mimi siwezi kuachwa peke yangu." Mzee akapunguza sauti ya spika. "Nilimwambia, badili neno la siri, mtoe huyo binti nisikilize kwaya kwa raha. Akakataa. Akasema, 'Baba, anaishi peke yake. Nikimtoa, nyumba yake itakuwa kimya.'"

Hellen akanyoosha isale kwa mikono miwili.

"Usinipe mimi. Mwenyewe yuko zizini anakamua."

Alizunguka nyuma ya nyumba. Aristides alikuwa anatoka na ndoo ya maziwa, amekonda. Aliliona jani kwanza, halafu akamwona aliyelishika. Aliweka ndoo chini taratibu, akafuta mikono kwenye suruali, akalipokea.

"Muziki umekatika tena?" aliuliza.

"Umekatika, mpenzi. Njoo nyumbani uangalie."