Mizani Haina Macho

Kila alipotoka shule, Kipusa alikuta meza ya chakula imefunikwa na ramani. Shangazi yake, rubani, alikuwa ameinama na rula, akipima njia ya ndege ndogo aliyopewa kazi ya kuipeleka kwa mwenye ndege, ng'ambo ya bahari. Siku hizo walikula jikoni, sahani mapajani.

Huko ng'ambo ndiko alikofanya kazi mama yake Kipusa, muuguzi. Alipoondoka, Kipusa alikuwa bado na meno ya utoto. Sauti yake ilikuja kwa simu, lakini harufu yake ilikuwa imekwisha hata kwenye mto aliouacha. Safari hii kiti kimoja kilikuwa cha Kipusa.

Shangazi alimwonyesha alama nyekundu katikati ya bahari. Injini ikikohoa kabla ya hapo, alieleza, unageuza. Ukishapita, nyuma ni mbali kuliko mbele. Kwa hiyo mafuta hayapunguzwi, na kila kitu kingine hupimwa, watu pia. Fundi wa ndege, ambaye angesafiri nao, alipanda mizani huku amevuta tumbo ndani.

"Vuta tu," Shangazi alimwambia. "Mizani haina macho."

Kipusa alicheka, ila neno hilo lilimkaa moyoni. Alikuwa na albamu nzito ya picha, zote za miaka ambayo mama hakuwepo, na begi lake lilikuwa limeshafika kikomo cha uzito. Jioni hiyo, nyumbani, alifungua mfuko wa njano uliokwisha kupimwa, wenye mtumbwi wa mpira wa kujiokolea. Akatoa pakiti za maji ya kunywa, akazilinganisha na albamu kwenye mizani ya jikoni, kisha akaitia albamu mahali pa maji.

Asubuhi, kwenye banda la ndege, mfuko ulipimwa tena. Uzito ulikuwa uleule. Kabla ya kupanda, Shangazi alimtaka kila mmoja aseme angefanya nini ndege ikitua majini. Fundi akasema yake. Ikafika zamu ya Kipusa.

"Nashika mfuko wa njano. Navuta kamba, mtumbwi unajaa upepo, tunapanda."

"Halafu?"

"Tunakaa, tunasubiri kuokolewa. Tunakunywa..."

Akamtazama Fundi, aliyekuwa akifunga kamba za viatu bila wasiwasi wowote. Alijua akisema huenda akaachwa, na mama angemsubiri bure.

"Shangazi, maji hayamo," alisema. "Niliyatoa mimi."

Shangazi alifungua mfuko, akaitoa albamu, akaifunua taratibu. Hakugomba. Fundi alikwenda mwenyewe nyumbani kufuata maji.

"Kwa nini hukuniuliza, mwanangu?"

"Niliogopa ungekataa."

"Ningekataa jalada." Shangazi alianza kuchomoa picha moja moja. "Kizito ni hili la ngozi na makaratasi yake. Picha zenyewe utazibeba mfukoni."

Kipusa alizipokea kwa mikono miwili. Ya juu kabisa ilikuwa yake mwenyewe, akicheka, pengo mbele.

"Mizani itakuambia uzito, basi," Shangazi alisema akimfungia koti la kujiokolea. "Kilichomo ndani anakijua aliyefunga. Tukiwa juu ya maji, uhai wetu unategemea kila mmoja kusema kweli. Umesema tukiwa bado nchi kavu, ndiyo maana unapanda."

Maji yalipofika, mfuko ulipimwa upya. Kipusa alipanda, mkono mmoja juu ya mfuko wa koti wenye zile picha, akaanza kumtafuta mama huko mbele, ingawa mbele palikuwa bado na ukuta wa banda tu.