Tochi ya Odilia

Haya alinisimulia rafiki yangu Odilia, na hana tabia ya kutunga. Mumewe, Evaristo, alisombwa na mto Lumemo akitoka kulinda mpunga. Enzi za uhai wake, kila usiku Odilia aliwasha tochi nyumbani mara moja, naye mumewe kule dunguni, kwenye kichanja cha kulindia shamba, alijibu mara mbili: nipo salama.

Juzi alikwenda kwa fundi sokoni Ifakara kuchagua tochi ndogo ya kutundikia funguo, achongewe jina la marehemu. Akapenda ya kijani.

"Ijaribu stoo, mama, kuna giza," fundi alisema, akamfungia mlango.

Odilia akasikia maji yakitiririka, na ni kiangazi. Kwa mazoea, akawasha mara moja.

Nyuma ya magunia kukajibiwa mara mbili.

"Nifungue, mama?" fundi aliuliza kutoka nje.

"Bado, mwanangu."

Akawasha tena. Safari hii jibu lilitokea karibu zaidi.