Mtalawanda wa Mzee Bwanausi

Hajra alikuwa akimenya mihogo uani kwake, Mapinga, simu ilipolia. Alikuwa Bwana Najim wa Dar es Salaam, mkusanyaji wa vitu vya kale.

"Jumamosi nakuja kuchukua ule mtalawanda uliobaki," alisema. "Nikaupige picha ya pande zote. Mtu ataugeuza kwenye kompyuta kama ameushika mkononi. Na jina la marehemu baba yako litaandikwa."

Mitalawanda ni viatu vya mti. Jozi ile aliichonga mzee Bwanausi, babake Hajra, kwa ajili ya harusi yake mwenyewe, akamvika mkewe. Miaka miwili iliyopita Najim alichukua mmoja kwa maneno hayo hayo. Alisema wiki mbili tu. Wiki gani hizo zisizoisha? Kila akipigiwa simu, yuko kikaoni!

"Picha nitapiga mwenyewe," Hajra alisema.

Najim akacheka. "Wewe? Haya, jaribu."

Hajra akausugua mtalawanda kwa mafuta ya nazi mpaka ukang'aa, maana kitu cha mzazi hakionyeshwi watu kikiwa kimepauka. Akauweka juu ya kitambaa cheupe. Akawasha taa ya simu, akawa anaugeuza huku na huku akipiga picha. Binti yake, Sada, alikuwa amemwekea programu ya kuziunganisha. Mtalawanda uliotokea kwenye simu ulikuwa na matundu, na kisigino hakikuwepo. Akamtumia Najim.

"Si nilikwambia?" Najim akajibu. "Waachie wataalamu. Jumamosi nakuja."

"Mpe tu," alisema Ishaka, mumewe. "Yule mtu wa heshima."

"Heshima gani? Ya kuchukua bila kurudisha?" Hajra alifoka.

Sauti ilifika kwa jirani yao Marselina, mwalimu wa sanaa wa sekondari. Akapiga hodi, akaelezwa, akaitazama ile picha.

"Mama Sada, nani kasema huwezi? Mafuta ndiyo yamekuponza. Mng'ao unahamahama, simu inachanganyikiwa. Yafute."

"Niyafute mafuta ya kiatu cha baba?"

"Utaupaka tena tukimaliza. Na taa ya simu zima."

Hajra akayafuta, wakaenda barazani, penye kivuli na mwanga wa kutosha. Marselina akatandika gazeti, akauweka mtalawanda juu yake.

"Kitambaa cheupe hakina alama. Maandishi haya yanaisaidia simu kujua iko upande gani. Sasa usiuguse. Zunguka wewe."

Hajra akazunguka. Hatua ndogo, picha. Hatua ndogo, picha.

"Polepole," Marselina alisema. "Kila picha irudie zaidi ya nusu ya ile iliyopita. Ukiruka, hapo ndipo panapotoka tundu."

Alizunguka simu ikiwa chini, kisha usawa wa kiatu, kisha juu. Wakaulaza ubavu, akaanza upya ili apate na soli. Mgongo ulimuuma. Zilikuwa picha tisini.

Safari hii mtalawanda ulitokea mzima, hata msuruaki, kile kijiti cha kubana kwa vidole. Alama za patasi ya baba yake zilionekana. Hajra akauzungusha kwa kidole, machozi yakamtoka. Kisha hasira ikapanda upya.

"Kumbe ni kazi ya saa moja! Na Najim kakaa na ule mwingine miaka miwili!"

Akaituma picha ile. Najim akapiga simu.

"Nzuri sana. Lakini nauhitaji wenyewe."

"Wa nini? Picha ya pande zote si hiyo?"

Najim akaanza kusema yuko kikaoni.

"Hukuwa na shida ya picha, Bwana Najim. Ulikuwa na shida ya viatu vya baba yangu. Jumamosi njoo, lakini njoo na ule wa kwanza. Usipouleta, nakufuata mimi, na polisi nyuma yangu."

Jumamosi saa tatu asubuhi Najim alisimama mlangoni, mtalawanda ukiwa ndani ya mfuko. Hajra aliupokea, akaukagua juu na chini. Hakusema karibu. Akafunga mlango.

"Hata chai, Hajra?" Ishaka alinong'ona.

"Hata maji."