Mirija Miwili Juu ya Bomba

Kila asubuhi, kabla ya chai, watu watatu waliingia bandani kutazama samaki.

Wa kwanza alikuwa mama wa nyumba. Majirani walimwita Mama Samaki, kwa sababu alifuga vifaranga wa samaki na kuwauzia watu wenye mabwawa. Wa pili alikuwa mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma. Yeye walimwita Cheche. Wa tatu alikuwa mama yake Cheche. Huyu hakuwa na jina la utani. Nani angethubutu kumpa?

Banda lilikuwa la mama mkwe huyo. Nusu moja ilijaa magunia yake ya nafaka. Nusu ya pili ilikuwa na tangi la saruji, na humo ndimo walimoishi samaki. Maji yalishuka kutoka tangi la juu, kule kilimani, kwa bomba moja nene. Yaliingia upande mmoja wa tangi la samaki, yakatoka upande wa pili.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa mpimaji wa maji. Alisimama karibu na mdomo wa bomba, akafumba macho, akatega sikio.

"Leo yananong'ona," alisema. "Hayatoshi."

Siku nyingine alisema, "Leo yanavuma. Mengi hayo."

Hakuna aliyembishia. Nyumba nzima iliamini kwamba maji yenye kelele ni maji mengi. Usicheke, msomaji. Hata mimi ningeamini hivyo.

Ikafika wakati maji yakanong'ona wiki nzima. Cheche akamhurumia mkewe. Alichukua kipande cha chuma, akakichomelea mdomo mwembamba, akaufunga mwishoni mwa bomba. Tundu lake lilikuwa dogo kama ncha ya kidole cha mwisho.

Alifungua koki. Loo! Maji yaliruka hadi katikati ya tangi. Yalipiga kelele, yakatoa povu jeupe.

"Haya sasa ndiyo maji!" mama mkwe alishangilia.

Mama Samaki alicheka kwa furaha. Vifaranga wake walikuwa tayari wakubwa, siku chache tu kabla ya kuuzwa. Alimpikia mumewe chakula anachokipenda.

Asubuhi ya tatu alifungua mlango wa banda, akasimama pale pale. Juu ya maji palikuwa peupe. Ni matumbo ya samaki. Mamia kwa mamia, yote yametazama juu. Maji bado yaliruka kwa kelele, yakiwasukuma huku na huku.

Mama Samaki aliingiza mkono majini, akamshika kifaranga mmoja, akamgeuza. Akamgeuza tena.

"Ni ugonjwa," Cheche alisema. "Maji tunayo ya kutosha. Kwa hiyo ni ugonjwa."

Mama mkwe alisema, "Mkwe wangu, pole sana. Weka vifaranga wengine, ujaribu mara moja tena. Lakini wakifa hao, nafunga kazi hii. Magunia yangu yatafika hadi ukuta ule."

Mama Samaki aliitikia kwa kichwa. Alilisugua tangi lote. Alileta vifaranga wapya, elfu mbili. Na ule mdomo wa chuma? Cheche aliusafisha vizuri, akaurudisha mahali pake.

Wiki tatu zilipita salama. Vifaranga walikua. Halafu asubuhi moja Mama Samaki aliwakuta wamejazana juu ya maji, vinywa wazi, wakihema. Hawakula walichotupiwa.

Alitoka mbio, kanga moja begani, hadi nyumba ya tatu. Pale jirani yake, fundi wa mabomba, alikuwa anakunywa chai. Mwanamke huyu walimwita Fundi Pima, maana hakuwahi kukisia kitu. Hata sukari yake aliipima kwa kijiko kilichosawazishwa.

"Dada, njoo! Wanakufa! Wanakufa tena!"

Fundi Pima aliacha chai. Alichukua ndoo na saa yake ya mkononi. Alipofika bandani alitazama samaki, akatazama bomba.

"Shikamoo mama," alimwamkia mama mkwe.

"Marahaba, mwanangu. Unaona maajabu haya? Maji yote haya, na bado wanahema!"

"Maji yote yapi?" Fundi Pima aliuliza.

"Husikii?"

"Kelele nasikia. Maji sijayapima."

Alikinga ndoo ya lita ishirini. Ndoo ilijaa polepole.

"Sekunde hamsini," alisema. "Cheche, toa huo mdomo."

"Nitoe? Si ndio unaoleta nguvu?"

"Toa, shemeji. Samaki hawana muda wa mabishano."

Cheche aliutoa. Maji yalianguka chini tu, taratibu, bila kuruka.

"Mmenipunguzia maji!" mama mkwe alipiga kelele. "Mmewaua!"

Fundi Pima alikinga ndoo ile ile. Ilijaa wakiwa bado wanamtazama mama mkwe.

"Sekunde ishirini."

Mama mkwe alitoa macho. Aliomba ndoo ipimwe tena. Ikapimwa. Sekunde ishirini.

"Huo mdomo ulikuwa unanyima samaki zaidi ya nusu ya maji yao," Fundi Pima alisema. "Tundu dogo hurusha maji mbali, lakini ni machache. Povu linaleta hewa kidogo, sikatai. Ila samaki wakikua wanataka maji mapya mengi, ya kuleta hewa na kuondoa uchafu."

Alichukua jiwe bapa, akaliweka chini ya bomba ili maji yaliangukie na kuchanganyika na hewa. Baada ya muda samaki walianza kushuka chini, mmoja mmoja.

Mama Samaki alimgeukia mumewe. Cheche alikuwa ameushika ule mdomo kwa mikono miwili.

"Basi wale wa kwanza..." alisema. "Ni mimi?"

Mkewe alikuwa na hasira, na alimwonea huruma, yote kwa pamoja. "Tulishangilia wote," alisema mwishowe. "Hata mimi."

"Sikio langu!" mama mkwe alisema, akajipiga kofi dogo la shavuni. "Sikio langu limenidanganya miaka yote hii?"

Kesho yake Fundi Pima alirudi na kipande cha bomba cha ajabu. Pande zote mbili kilikuwa kinene kama bomba la bandani. Katikati kilikuwa chembamba, nusu ya upana ule. Alikuwa ametoboa matundu mawili madogo, moja kwenye sehemu nene ya mwanzo, la pili kwenye sehemu nyembamba. Juu ya kila tundu alisimamisha mrija mrefu wa plastiki unaopitisha mwanga. Alikiunga kipande hicho kwenye bomba, pale linapopita chini kabla ya kupanda hadi ukingo wa tangi la samaki.

Cheche alikunja uso. "Jana umenitoa jasho kwa kubana maji. Leo na wewe unabana?"

"Swali zuri. Kwanza, mimi nimebana kidogo tu. Pili, angalia hapa mbele. Bomba linatanuka tena polepole. Maji yanarudi mwendo wake, na presha inarudi karibu yote. Wako ulibana sana, kisha ukayatupa nje."

Kabla ya kufungua koki, aliuliza, "Maji yatapanda kwenye mirija yote miwili. Yatapanda juu zaidi wapi? Kwenye unene au kwenye wembamba?"

"Kwenye wembamba," Cheche alijibu haraka. "Maji yamebanwa pale. Lazima yasukume kwa nguvu."

"Kwenye wembamba," mama mkwe naye alisema. "Hilo halihitaji shule."

Mama Samaki alinyamaza. Baada ya jana hakutaka kuapa kwa lolote.

Koki ilifunguliwa. Maji yalipanda kwenye mirija. Katika mrija wa sehemu nene yalipanda juu. Katika mrija wa sehemu nyembamba yalibaki chini.

"Umechanganya mirija!" Cheche alisema. Alifuata kila mrija kwa kidole hadi chini. Haikuwa imechanganywa.

"Sikiliza," Fundi Pima alisema. "Lita moja ikiingia huku, lita moja lazima itoke kule. Maji hayana pa kujificha njiani. Sasa, yakifika penye wembamba yafanye nini ili yote yapite?"

"Yakimbie," Mama Samaki alijibu.

"Naam. Na nani anayasukuma yakimbie? Maji yaliyo nyuma. Kama nyuma yanasukuma na mbele yanakubali, basi presha ya nyuma ni kubwa kuliko ya mbele. Presha imetumika kuongeza mwendo. Ndiyo maana penye mwendo mkali, maji ya mrija yako chini."

Alifunga koki kabisa. Maji ya mirija miwili yakalingana.

"Maji yakisimama, hakuna tofauti ya kimo. Yakipita, tofauti inatokea. Yakipita mengi, tofauti inakuwa kubwa. Kwa hiyo ukiona tofauti, umejua wingi wa maji."

Alifungua tena, akapigilia ubao nyuma ya mirija, akapima kwa rula. Tofauti ilikuwa sentimita ishirini. Alikinga ndoo. Ilijaa kwa sekunde ishirini. Mama Samaki aliweka alama ya rangi ya kijani.

"Sasa nitafunga koki kidogo kidogo, hadi ndoo ijae kwa sekunde arobaini," Fundi Pima alisema. "Yaani maji nusu. Tofauti itakuwa ngapi?"

"Kumi," wote watatu walijibu kwa sauti moja. Safari hii hata Mama Samaki.

Ndoo ilijaa kwa sekunde arobaini. Walisogea ubaoni. Tofauti ilikuwa sentimita tano.

"Haiwezekani!" Mama Samaki alisema.

"Imewezekana. Maji yakipungua nusu, tofauti inapungua hadi robo. Huo ndio uzuri wake. Maji yakianza tu kupungua, vimo vya maji ya mirija vinasogeleana upesi, nawe unashtuka mapema. Ndoo ni nzuri, lakini inakuambia ya wakati ule ule tu. Mirija hii inasema kutwa nzima."

Kwenye sentimita tano Mama Samaki aliweka alama nyekundu.

Miezi miwili ilipita. Vifaranga walikaribia kuuzwa. Siku hiyo Mama Samaki alikwenda sokoni kununua chakula chao. Upepo mkali ulivuma mchana kutwa. Aliporudi alikuta mlango wa banda uko wazi. Akaingia mbio na chakula mkononi.

Cheche alikuwa amesimama ndani, amelowa kutoka kichwani hadi miguuni, majani yamemganda shingoni. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya ubao. Hakugeuka.

"Kumi na saba," mama mkwe alisoma. "Kumi na nane."

"Mama, kuna nini? Samaki wangu wako wapi?"

"Nyamaza nisome. Kumi na tisa. Ishirini." Ndipo alipogeuka. "Sentimita zilishuka hadi sita, mwanangu. Sita! Maji yanaanguka vile vile kwa macho, sauti ile ile. Ningelisikiliza, ningekuambia yanatosha. Nikamwita mumeo. Amepanda kilimani akakuta chujio la tangi la juu limezibwa na majani."

Mama Samaki aliinama juu ya tangi. Samaki walikuwa chini, wakizunguka kwa kundi. Alitupa chakula kiganja kimoja. Maji yalichemka kwa samaki wakigombea kula. Akakaa chini kwenye sakafu yenye maji.

"Cheche," mama mkwe alimwita mwanawe. "Kesho toa magunia yangu yote humu ndani."

Mama Samaki aliinua uso. Hakuelewa. "Yote, mama? Uyapeleke wapi?"

"Popote. Chini ya kitanda changu. Hapa panatosha tangi la pili." Alinyoosha kidole kwenye mirija. "Ila bomba lake liwe kama hili. Na kusoma nitasoma mimi."