Mtoto Hapakatwi Garini

Katika mtaa wa Newburg, mjini Louisville, majirani walimjua Bamurange kwa jambo moja. Hakupenda kumweka mtoto wake chini. Alipika na Chimène mgongoni. Aliimba kanisani na Chimène kifuani. Siku za kazi tu ndipo alipomwachia mama mkwe wake, akaenda kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Akirudi, hata viatu hajavivua, keshamchukua mtoto.

Chimène alikuwa na miezi kumi na uzito wa kilo tisa. Kaka yake Ruta alikuwa na miaka mitano. Dada yao Isaro alikuwa na miaka kumi.

Mume wa Bamurange, Theogene, alifanya kazi ya kupanga maboksi katika depo moja kubwa. Alikuwa na gari la viti vitano. Chimène alipozaliwa, hospitali iliwapa kiti cha mtoto cha kufunga garini. Theogene alikitia kwenye buti, na huko kikakaa.

"Kile ni kiti cha polisi," alikuwa akisema. "Polisi akituuliza, tutamuonyesha."

Bamurange hakumpinga. Mwaka 2004, wakati wa vita, alivuka mto Ruzizi kutoka Kongo, maji yakimfika kifuani. Isaro alikuwa mchanga, naye alimshika juu ya kichwa mpaka ng'ambo. Mwanamke aliyefanya hivyo ataogopa nini ndani ya gari?

"Mikono yangu haijawahi kumwachia mtoto," alisema.

Novemba 2014 habari njema ilitoka Buffalo. Gakunzi, mdogo wake Theogene, alikuwa anaoa. Harusi ingekuwa Jumamosi, katika mtaa wa Black Rock. Buffalo ni mbali na Louisville, lakini Gakunzi alikuwa na kaka mmoja tu na mama mmoja tu. Ilikuwa lazima waende.

"Tuko sita, na gari iko na viti tano," Bamurange alisema.

"Bon, Chimène si mtu wa kiti," Theogene alijibu. "Utamupakata. Alhamisi tutalala Columbus kwa Flavia. Ijumaa tutafika."

Alhamisi asubuhi walianza safari. Bibi, mama yake Theogene, alikaa mbele. Bamurange alikaa nyuma na Ruta na Isaro, Chimène mapajani. Hakufunga mkanda, kwa sababu mkanda ungembana mtoto.

Walisafiri vizuri. Waliimba nyimbo za kanisa. Ruta alilala. Walipokuwa karibu kufika Columbus, paa mkubwa aliruka kutoka kwenye majani akaingia barabarani.

Theogene alikanyaga breki kwa nguvu zote. Matairi yalilia. Gari lilisimama, na paa akapita akaenda zake.

Kisha Chimène akapiga kelele.

Hakuwa mapajani. Alikuwa sakafuni, nyuma ya kiti cha Bibi. Mdomo wake ulikuwa umepasuka na damu ilikuwa inatiririka hadi kidevuni. Bamurange alimwokota. Aliitazama mikono yake miwili. Hakukumbuka imefunguka saa ngapi.

Walimpeleka hospitali moja kwa moja. Daktari alimpima kichwa, macho na shingo. Mdomo tu ndio ulioumia. Lakini kabla ya kuwaruhusu aliuliza, "Alikuwa amekaa wapi?"

Isaro alitafsiri swali. Bamurange aliinamisha kichwa.

Flavia alikuwa binamu yake Bamurange. Alikuwa amekaa Columbus miaka saba, na kazi yake ilikuwa katika kituo cha afya. Huko alikuwa amefundishwa kukagua viti vya watoto. Jioni ile hakumlaumu mtu. Aliwapa wali na maharagwe, akawatandikia watoto. Kisha aliuliza, "Kiti cha mtoto kiko wapi?"

"Kwenye buti," Theogene alisema. "Flavia, tusifanye mambo makubwa. Kwetu tulikuwa tunapanda kamioneti watu thelathini, juu ya magunia. Hakuna mtu alikufa."

"Walikufa, shemeji," Flavia alisema taratibu. "Tuliwazika, tukasema ni mapenzi ya Mungu. Hatukusema ni gari."

Bibi, aliyekuwa akisikiliza pembeni, alitikisa kichwa. "Ni kweli," alisema. "Kaka yangu alianguka kutoka kwenye kamioneti."

Ijumaa asubuhi Flavia alichukua mfuko wa mchele wa kilo tisa. Akamwambia Bamurange, "Twende, dada."

Walikwenda kwenye uwanja wa maegesho wa kanisa, ambao siku ile ulikuwa mtupu. Bamurange alikaa nyuma. Flavia alimwambia afunge mkanda wake, kisha akampa ule mfuko.

"Huyu ndiye Chimène. Mpakate kama unavyompakata siku zote."

Bamurange aliukumbatia mfuko. Flavia aliendesha polepole, akiuliza habari za Louisville, habari za kazi, habari za kwaya. Bamurange alikuwa anajibu, anatazama dirishani. Ghafla Flavia alikanyaga breki.

Mfuko ulichomoka. Uligonga kiti cha mbele, ukapasuka, na mchele ukamwagika sakafuni.

"Sikujua kama utasimama!" Bamurange alisema.

"Ajali haipigi hodi, dada. Na hii ilikuwa breki tu. Sikwenda hata maili ishirini kwa saa, wala sikugonga kitu. Sasa sikiliza. Gari likienda maili thelathini kwa saa, likagonga na kusimama ghafla, mtoto wa kilo tisa anavuta mbele kama kitu cha kilo mia mbili na sabini. Huyo ni ng'ombe. Wewe umekulia na ng'ombe. Ng'ombe akirushwa, utamzuia kwa mikono?"

Bamurange aliutazama mchele chini ya miguu yake. Kisha akasema, "Nionyeshe kile kiti kinafungwa namna gani. Nionyeshe mimi, si Theogene. Nataka mikono yangu ijue."

Walikitoa kiti kwenye buti. Flavia alisoma tarehe iliyoandikwa chini yake kuona kama muda wake haujapita. Haukuwa umepita. Alikiweka katikati ya kiti cha nyuma.

"Mtoto mdogo anatazama nyuma ya gari," Flavia alieleza. "Gari likigonga, mgongo wa kiti unampokea mwili wote, kichwa na shingo. Sasa bonyeza kiti kwa goti, vuta mkanda. Vuta tena. Kitikise. Kikisogea zaidi ya upana wa kidole gumba, bado."

Bamurange alivuta. Kiti kilisogea. Alivuta tena mpaka jasho likamtoka kwenye baridi. Mara ya nne kiti kilitulia kama kimeota pale.

Walimleta Chimène akiwa amevaa koti nene. Bamurange alianza kumfunga.

"Hapana, vua koti kwanza," Flavia alisema. "Koti limejaa hewa. Ajali ikitokea, koti linabonyea, mkanda unalegea, mtoto anachomoka. Mfunge bila koti, halafu umfunike blanketi juu. Kile kibano cha kifuani kiwe usawa wa kwapa. Jaribu kuufinya mkanda begani. Ukiweza kuufinya ukajikunja, bado umelegea."

Bamurange alifinya. Mkanda ulijikunja. Alivuta kidogo, akafinya tena. Vidole viliteleza.

"Hapo sawa," Flavia alisema.

Ruta alipewa kiti cha kumwinua. Mtoto wa Flavia alikuwa amekikalia mpaka akakizidi. Kilimwinua Ruta ili mkanda wa gari upite begani na mapajani, si shingoni na tumboni. Isaro alikaa pembeni akafunga mkanda wake.

Kiti cha nyuma kilikuwa kimejaa. Bamurange alikuwa amesimama nje.

"Na wewe, Mama Isaro?" Theogene aliuliza.

"Gari imejaa. Mimi nitapanda basi."

"Basi! Harusi ni kesho! Donc, unataka watu waseme nimeacha mke wangu njiani?"

"Waseme. Wewe ndiye unajua kuendesha. Mama hajui Kiingereza, hawezi kwenda peke yake. Mimi najua kidogo, nitaweza."

"Chimène atalia."

"Analia akiwa mzima," Bamurange alisema. "Endesha polepole, Baba Isaro. Kukiwa na theluji, acha nafasi kubwa mbele yako."

Aliingiza kichwa garini akambusu mtoto kwenye paji la uso. Chimène alinyoosha mikono ili achukuliwe. Bamurange alikuwa hajawahi kumkatalia mikono ile. Alirudi nyuma akafunga mlango.

Flavia alimpeleka kwenye kituo cha mabasi.

Basi lilifika Cleveland saa kumi jioni. Huko ilimbidi asubiri basi jingine. Alikuwa amekaa kwenye benchi simu ilipolia. Alikuwa Theogene, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Mama Isaro, umekaa?"

"Sema."

"Tumepata ajali."

Bamurange alisimama. Watu wawili waligeuka kumtazama.

"Watoto?"

"Wako wazima. Wote wazima. Ngoja."

Akasikia kilio cha Chimène, kikali, chenye hasira. Aliketi tena.

Kisha Theogene alimweleza. Walikuwa wamepita mji wa Erie. Theluji ilianza kuanguka ghafla, nzito, mpaka barabara haikuonekana vizuri. Gari la mbele liliteleza. Theogene alipunguza mwendo, akapata nafasi ya kusimama. Lakini gari la nyuma halikuweza kusimama. Liliwagonga, likawasukuma, na wao wakagonga chuma cha pembeni mwa barabara.

"Mama ameumia kidogo begani, pale mkanda ulipita," alisema. "Lakini sikia. Mama alikuwa amepakata kile chombo cha maziwa cha mti, zawadi ya harusi. Nilimuambia akiweke kwenye buti, alikataa. Alikishika na mikono mbili. Kiliruka, kikavunja kioo cha mbele, kikatokea nje. Polisi alikiokota kwenye theluji."

Bamurange alisikia kwenye simu magari yakipita.

"Nilikuwa nakitazama," Theogene aliendelea. "Kikitoka kwa kioo. Nikageuka kutazama Chimène. Alikuwa pale pale. Kiti hakikusogea. Bamurange, ingekuwa..."

"Najua," alisema. "Usiseme. Watoto wamefunikwa?"

"Wamefunikwa."

Wahudumu wa gari la wagonjwa waliwapima wote. Gari lao halikuweza kuendelea. Gakunzi aliazima basi dogo la kanisa akaanza safari ya kuja kuwachukua. Theogene alitaka kukihamishia kile kiti cha mtoto humo. Flavia alimkataza kwa simu.

"Kiti kilichopata ajali namna hiyo kimemaliza kazi, shemeji. Ndani kinaweza kuwa na ufa ambao huuoni. Mwambie Gakunzi aje na kingine."

Gakunzi alikuwa njiani tayari. Alirudi, akagonga milango ya majirani mpaka akapata mwenye kiti kizuri. Wakangojea, hawakuondoka mpaka kimefika.

Jumamosi Gakunzi alioa. Bamurange, aliyekuwa amefika kwa basi usiku, alivaa mshanana wa rangi ya kijani, vazi la sherehe linalofungwa begani. Bibi alitoa zawadi yake, chombo cha maziwa chenye mkwaruzo mrefu ubavuni. Theogene aliposimama kuzungumza kwa niaba ya familia, alisema mkwaruzo ule umetoka wapi. Ukumbi wote ulisikia.

Lakini kusikia si kufanya. Jioni, kabla giza halijaingia, wageni walianza kuondoka. Bamurange aliona watu wazima saba wakiingia katika gari la viti vitano. Dereva alikuwa Bagula, mtu mzima mwenye heshima pale kanisani. Mbele alikaa mama kijana, Clémence, mtoto mchanga mapajani, amefungwa katika kitenge.

Bamurange alikwenda akasimama mbele ya gari, kwenye theluji, na viatu vyake vya harusi.

Bagula aliteremsha kioo. "Mama, sogea. Ni hapa karibu tu, dakika tano."

"Baba, samahani, sisogei."

"Tumesikia hotuba ya bwana yako. Mimi niko naendesha miaka ishirini, sijagonga mtu."

"Hata Theogene hakugonga mtu jana. Aligongwa. Baba, wewe nakuamini. Wa nyuma yako simjui, na wewe humjui."

Watu walianza kukusanyika. Mmoja alicheka. Bagula alipiga honi. Bamurange hakuondoa mguu. Theogene alikuja akasimama kando yake.

Mlango wa mbele ulifunguka. Alikuwa Clémence.

"Nitangojea ndani," alisema. "Kiti chake kiko nyumbani. Mtuletee kwanza."

Shangazi mmoja aliyekuwa amebanwa nyuma alishuka pia. Bagula aliwatazama, akawatazama waliobaki. Walikuwa watano. Alivuta mkanda wake, ambao hakuwa ameufunga, akaufunga. Bamurange akampisha.

Mwezi wa tatu Flavia alikuja Louisville. Kwa siku moja alikagua viti vya watoto katika uwanja wa kanisa la Newburg. Vililetwa viti kumi na vinne, na kumi na kimoja vilikuwa vimelegea. Bamurange alipiga goti katika kila gari, akavuta mikanda pamoja na akina mama mpaka vyote vikatulia.

Familia ilikuwa na gari jingine, la viti saba. Theogene alijiwekea sheria. Hakuondoa gari kabla ya kusikia mikanda sita ikilia, mmoja kwa kila mtu. Jumapili moja alisikia mitano tu. Aligeuka nyuma na uso mkali.

"Nani bado?"

Walimtazama wote, hata Bibi.

"Ni wewe, Baba," Isaro alisema.