Kitufe Ambacho Mama Hakukiona

Siku za safari, Mama Marcelina huamka mapema. Boti ya familia hupakia abiria Bangwe, kando ya ziwa, na kuwapeleka kijiji cha Kagunga. Mumewe, Gervasi, hukagua injini. Mama hukaa mezani ufukweni na kuandika majina ya abiria kwenye kompyuta ndogo. Programu aliitengeneza binti yao, Winfrida. Mama huisifia mpaka watu wamechoka kusikia.

Jumatatu ile sifa ziliisha. Ofisa wa usafiri alihesabu abiria ishirini na tisa. Orodha ilikuwa na ishirini na sita.

"Hawa watatu wakitumbukia ziwani, nani atajua kuwatafuta?" aliuliza. "Alhamisi orodha ikipungua tena, boti haitoki."

Mama alirudi nyumbani, akaiweka kompyuta mbele ya Winfrida. "Kompyuta imenishinda, mwanangu. Turudi kwenye daftari."

Winfrida aliumia. "Haijakushinda, mama. Kuna mahali nimekosea mimi, na nitapapata kabla ya Alhamisi."

Kesho yake walikwenda Rusimbi kwa Bucumi, fundi wa kompyuta na jirani yao wa zamani.

"Shikamoo, baba," Winfrida alisalimu.

"Marahaba. Mama, usinieleze. Nionyeshe ulivyofanya siku ile."

Mama aliandika jina, akabonyeza kitufe cha "Hifadhi". Jina likaingia. "Asubuhi ni hivi. Jua likipanda linapiga kioo, sioni. Basi nakuza herufi."

Alizikuza. Kila kitu kikasukumwa chini, na kitufe kikapotea. Akavuta pembe ya dirisha la programu. Halikusogea.

"Mbona hukuniambia?" Winfrida aliuliza.

"Nilidhani nimeharibu mimi. Majina matatu ya mwisho yakabaki bila kuhifadhiwa."

Bucumi alimgeukia Winfrida. "Nani alizuia dirisha lisivutike?"

"Mimi. Niliogopa watu watalivuruga. Nikalipangia upana na urefu, nikalifunga hapo. Kwangu lilikaa vizuri."

"Ego, ndiyo, kwako. Kwa skrini yako kubwa na herufi zako ndogo. Mama hatumii macho yako." Akavuta kiti. "Usilipangie dirisha kipimo kimoja. Acha vilivyomo ndani vipange ukubwa wake. Weka kipimo cha chini tu, lisibanwe mpaka vitu vifichike. Ruhusu livutwe. Na mipangilio hiyo iandike kabla dirisha halijaonekana."

"Orodha ikiwa ndefu?"

"Orodha ndiyo ipande na kushuka. Kitufe kibaki nje yake."

Winfrida alibadilisha. Akakuza herufi, kitufe kikapotea tena. Alikuwa amekiweka ndani ya orodha. Alisonya, akafuta, akaanza upya. Safari hii kitufe kilibaki chini, wazi kabisa.

"Usijaribu wewe," Bucumi alisema. "Ajaribu anayeitumia."

Mama alikuza herufi mpaka mwisho. Akavuta pembe, dirisha likamfuata. Akahifadhi majina matatu, yale yale ya Jumatatu. Alikuwa hajayasahau.

Alhamisi jua liliwaka mapema. Abiria wa mwisho alifika akikimbia, ndoo ya mawese kichwani. Mama aliandika jina lake kwa herufi kubwa, akabonyeza "Hifadhi".

Ofisa alihesabu watu. Thelathini na mmoja. Akatazama orodha. Thelathini na mmoja.

"Nendeni," alisema.

"Programu hii kaitengeneza binti yangu," Mama alimwambia. "Ilikuwa na kosa, akalitafuta mpaka akalipata. Yaani huyu mtoto..."

Gervasi aliwasha injini. Mama akapaza sauti, akaendelea.